Redio inapozimwa: mwongozo kamili wa kujenga hisia kwa kamera na muziki

Filamu zetu nyingi zinalia mapema mno. Mhusika ndiyo kwanza anafungua mlango, hajaambiwa lolote, na kinanda kimeshaanza kuomboleza. Ikifika ile habari yenyewe ya msiba, mtazamaji ameshaizoea huzuni, na mwongozaji hana tena pa kwenda isipokuwa kupandisha sauti ya muziki na kumtaka mwigizaji azidishe kelele. Inauma kuona hivyo, kwa sababu mara nyingi mwigizaji ni mzuri, hadithi ni nzuri, na vyote vimefunikwa.

Mwongozo huu unachukua tukio moja la dakika mbili na kulijenga kuanzia skripti hadi sauti ya mwisho. Swali litakaloturudisha njiani kila tukipotea ni hili: sekunde hii, nani anaibeba hisia, kamera au muziki? Vinatakiwa vipokezane. Vikisema jambo lile lile kwa pamoja, mtazamaji anahisi anasukumwa, na mtu akisukumwa hukaza miguu.

Unahitaji simu nzuri au kamera ya kawaida, stendi, kinasa sauti (simu ya pili inatosha), na programu ya kuhariri. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa kwa kazi hii.

Kabla ya kushika kamera: alichofanya Satyajit Ray

Mwaka 1955 mwongozaji wa Kihindi Satyajit Ray alitoa filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, kuhusu familia maskini katika kijiji cha Bengal. Baba, Harihar, yuko mbali akitafuta riziki. Huku nyuma binti yake Durga anaugua na kufariki. Baba anarudi hana habari. Anatoa zawadi alizoleta, moja baada ya nyingine, anazisifia, na mkewe Sarbajaya yuko kimya. Kisha anatoa sari aliyomletea Durga. Hapo mama anavunjika. Tunamwona akilia kwa nguvu zake zote, lakini sauti yake hatuisikii. Kinachosikika ni ala ya nyuzi iitwayo tar shehnai, ikipiga noti za juu zinazokata. Muziki wa filamu ile ni wa Ravi Shankar.

Tukio lile lina mambo mawili ya kuiba. Kwanza, Ray alimwacha mtazamaji ajue kabla ya baba, kwa hiyo kila zawadi inayotolewa inaongeza uzito bila mtu yeyote kulazimika kulia. Pili, kilipofika kilio hakutupa vilio viwili. Uso aliuachia kamera, koo akaikabidhi ala. Angeweka kilio cha mwigizaji na muziki wa huzuni juu yake, tungepata tukio la kawaida ambalo leo hakuna anayelizungumzia.

Litafute ulitazame mara ya kwanza na sauti, mara ya pili bila sauti, mara ya tatu ukisikiliza tu huku umegeuka. Usiendelee na hatua zinazofuata kabla hujafanya hivyo.

Tukio letu

Uani, asubuhi, mji wowote wa pwani. Bi Mwanaidi amekaa kwenye kigoda, anapika vitumbua vya biashara. Redio ndogo iko dirishani, inapiga taarab ya zamani. Mwanawe Salum yuko baharini tangu jana jioni. Anaingia Hamisi, mwenzake Salum kwenye dau.

HAMISI: Hodi.

BI MWANAIDI: Karibu, baba. Mmesharudi?

Hamisi hajibu. Anakwenda moja kwa moja dirishani, anazima redio.

HAMISI: Shikamoo, Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi anamtazama. Haitikii.

Kifo hakijatajwa. Lakini aliyekulia uswahilini ameshaelewa: nyumba ya msiba haipigi muziki, na kijana anayezima redio ya mtu mzima bila kuomba ruhusa amebeba habari ya aina moja tu. Marahaba isiyokuja inamaliza mengine. Hisia tayari imo ndani ya vitendo. Kazi yetu ni kuifikisha bila kuimwaga.

Hatua ya 1: andika anachojua mtazamaji

Chukua karatasi, piga safu tatu: anachojua mhusika, anachojua mtazamaji, anachokitarajia mtazamaji. Jaza kila baada ya sekunde kumi. Waongozaji wengi hupanga hisia za mhusika tu, na hapo ndipo muziki unapoanza kupotea njia, kwa sababu muziki humhudumia mtazamaji. Mhusika hausikii.

Sasa amua. Ukianza filamu kwa picha ya dau linaloburutwa ufukweni likiwa na mtu mmoja tu, mtazamaji anajua kabla ya Bi Mwanaidi. Basi taarab ile ya furaha inayotoka redioni itamchoma kila sekunde inavyoendelea, na huhitaji noti hata moja ya huzuni. Francis Ford Coppola alitumia mgongano wa namna hii katika The Godfather ya mwaka 1972: kinanda cha kanisani kinaendelea na ubatizo wa mtoto huku picha zikituonyesha watu wakiuawa kwa amri ya yule yule aliyesimama kama baba wa ubatizo wa mtoto huyo. Muziki mtakatifu juu ya damu. Ungewekwa muziki wa kutisha, tungeogopa tu. Ule wa ibada unatufanya tumhukumu mtu.

Ukianzia moja kwa moja uani, mtazamaji anajua pamoja na mama, na mshtuko wote unaangukia kwenye kitufe cha redio. Mimi nachagua njia hii kwa filamu fupi, kwani hatuna muda wa kumzoeza mtazamaji na Salum kabla ya kumpoteza. Hatua zinazofuata zote zinafuata uamuzi huu. Ukichagua ile nyingine, rudi hapa upange upya, maana karibu kila kitu kitabadilika.

Jambo moja la kuliweka akilini kuhusu matarajio: muziki ni ahadi. Katika Jaws ya mwaka 1975, papa wa mashine alikuwa akiharibika mara kwa mara wakati wa kupiga picha, Steven Spielberg akalazimika kumwonyesha kwa uchache. Noti mbili za mtunzi John Williams zikawa ndizo papa. Lakini kuna pahali watoto wawili wanaogelea na pezi la bandia kuwatisha watu, na muziki ule haupigwi. Filamu haikuvunja ahadi. Nawe ukiweka mlio fulani kila hatari inapokuja, usiuweke pale pasipo na hatari kwa ajili ya kupamba. Mtazamaji ataacha kukuamini, na hataweza kukueleza kwa nini.

Hatua ya 2: weka kamera mahali pake

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Umbali, urefu na lenzi vinafanya kazi kubwa kuliko muziki wowote, na havigharimu chochote zaidi ya kufikiri.

Tuanze na umbali. Picha ya karibu ya uso ni akiba, usiitumie mapema. Ukituonyesha uso wa Bi Mwanaidi kwa karibu akiwa anapika tu, ukija kutuonyesha uso ule ule anapopokea habari, hakuna kilichobadilika machoni petu. Anza kwa picha pana: uani mzima, jiko la mkaa, chuma cha vitumbua, kamba ya nguo, redio dirishani. Iache ikae sekunde kumi na mbili au zaidi bila kukata. Mtazamaji ajue redio iko wapi na mlango uko wapi, ili Hamisi atakapotembea ajue anaelekea kwenye nini. Kisha picha ya mikono yake ikigeuza vitumbua kwa kijiti. Uso wake tuuone kwa umbali wa kati tu, hadi redio izimwe.

Urefu. Bi Mwanaidi yuko kwenye kigoda. Ukipiga picha ukiwa umesimama, kamera inamwangalia kwa juu na anakuwa mdogo, mtu anayetazamwa. Shusha stendi hadi usawa wa macho yake, kwa kawaida chini ya mita moja. Hapo tunakaa naye. Hamisi akiingia, ataonekana kwa chini, mrefu, kichwa kinakaribia kutoka kwenye fremu, jinsi hasa mama aliyekaa anavyomwona. Hukuongeza chochote, ila uani umeshaanza kuwa mdogo. Ukitaka mtazamaji asikie upweke wake baada ya habari, basi ndipo upande juu kwa picha moja tu.

Lenzi. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, sawa na milimita 24 hadi 26 kwenye kamera ya fremu kamili. Ukiisogeza karibu na uso, pua inakua, masikio yanarudi nyuma, na huzuni inageuka kichekesho. Kwa uso tumia lenzi ya pili ya simu, ile ya mara 2 au mara 3, kisha rudi nyuma hatua kadhaa. Kama simu yako ina lenzi moja tu, piga kwa 4K, urudi nyuma, ukate fremu wakati wa kuhariri kwa ajili ya video ya 1080. Kwenye kamera ya fremu kamili, milimita 85 inapendeza kwa uso huu: inalainisha mandhari ya nyuma na kumtenga mama na uani wake.

Mwelekeo wa macho nao una kauli. Kamera ikiwa karibu na mstari wa macho ya mhusika, tunaona macho yote mawili na tunaingia ndani. Ikiwa pembeni kabisa, tunamwona upande mmoja wa uso na tunakuwa jirani anayechungulia. Kwa ile sekunde ya kuzimwa redio, nitamweka kwa upande. Kwa ile ya shikamoo isiyojibiwa, nitakuwa karibu kabisa na mstari wa macho.

Halafu kuna kinachofuata baada ya uso. Miaka mia moja iliyopita Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kisovieti, aliunganisha uso ule ule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Uso haukubadilika, lakini watazamaji waliona njaa, huzuni na tamaa. Kwetu maana yake ni hii: usimwombe mwigizaji wako "aonyeshe huzuni". Mpe tendo. Mwambie ajaribu kukumbuka kama jana Salum alikula kabla ya kutoka. Mpige uso mtulivu, halafu pigia picha tatu tofauti za kuufuata: vitumbua vinavyoungua, ndala za Salum mlangoni, mkono wa Hamisi ungali kwenye redio. Kwenye meza ya kuhariri utaona uso mmoja ukisema mambo matatu. Mimi naupenda mkono ule kuliko ndala, kwani ndala zinamtajia mtazamaji kifo moja kwa moja, mkono unamwacha afike mwenyewe.

Neno la kiufundi ambalo wengi hulisahau: umeme wetu ni wa hezi 50. Piga kwa fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50, taa za ndani hazitamemeta, na mwendo utakuwa laini kama wa sinema. Nje mchana 1/50 inaleta mwanga mwingi mno. Tumia kichujio cha kupunguza mwanga au piga asubuhi na mapema. Funga fokasi na mwanga kwenye simu kabla ya kuanza. Hakuna kinachoua hisia haraka kuliko simu kuamua kung'arisha picha katikati ya machozi.

Hatua ya 3: isogeze kamera ikiwa na sababu

Kamera isiyotikisika ni kauli: dunia imetulia. Kamera ya mkononi ni kauli pia: kuna jambo halijakaa sawa. Usichanganye bila mpango. Katika tukio letu, kila kitu kiwe kwenye stendi hadi redio izimwe. Baada ya hapo shika kamera kwa mkono, pumua taratibu, egemea ukuta. Mtikisiko mdogo tu. Mtazamaji hataugundua, ila atahisi ardhi imelegea.

Kuna mwendo mwingine maarufu, ule wa kusogeza kamera mbele huku lenzi ikivuta zumu kurudi nyuma, au kinyume chake, mandhari ikanyooka kama mpira huku mtu akibaki ukubwa ule ule. Alfred Hitchcock aliutumia katika Vertigo ya mwaka 1958 kuonyesha kizunguzungu cha mtu anayeogopa kimo. Unavutia, na vijana wengi wanaujaribu kwa simu. Kwa tukio la msiba nashauri uuache. Unamkumbusha mtazamaji kwamba kuna kamera, wakati tunataka asahau.

Hatua ya 4: panga muziki kabla ya siku ya kupiga picha

Mazoea ni kumaliza kuhariri ndipo muziki utafutwe. Sergio Leone alifanya kinyume kwa Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968: Ennio Morricone alitunga mapema, na muziki ukapigwa waigizaji wakiwa kazini, wakatembea kwa mwendo wake. Huna haja ya okestra kufanya hivyo. Ukiwa na wimbo wa redio tayari, mchezee Bi Mwanaidi dakika tano kabla ya kupiga, mikono yake ikapate mwendo wa kugeuza vitumbua. Kisha zima, ndipo uanze.

Zima kweli kweli. Redio isisikike hata kidogo wakati kamera inazunguka. Ikisikika, kila utakapokata kutoka picha moja kwenda nyingine wimbo utaruka, na mazungumzo hayatatenganishwa nao tena. Wimbo unawekwa baadaye, kwenye programu.

Tenganisha aina mbili za muziki. Upo wa ndani ya hadithi, ambao wahusika wanausikia: redio, kigoma cha harusi ya jirani, simu inayolia, kwaya ya kanisani mtaa wa pili. Upo wa nje ya hadithi, unaosikiwa na mtazamaji peke yake. Ule wa ndani una nguvu kubwa ambayo hatuitumii: unaweza kuzimwa na mtu. Hakuna mhusika anayeweza kuzima okestra ya nje, lakini Hamisi anaweza kuzima redio, na tendo lile likawa ndilo habari.

Na wa nje? Tukio letu litakuwa nao mara moja tu, mwishoni: udi mmoja unaopiga wimbo ule ule wa redio, polepole, bila ngoma. Mtazamaji ameshausikia wimbo asubuhi ukiwa na furaha, kwa hiyo huhitaji kumfundisha chochote. Kilichobadilika ni kasi, na ala zilizoondoka. Muziki mpya kabisa ungehitaji muda kujijenga. Huu umeshapandwa.

Kuhusu uchaguzi wa ala nasema wazi: kinanda cha huzuni na fidla za kompyuta zilizopakuliwa bure zimeshachakaa. Zimetumika kwenye kila tangazo la kuomba msaada. Ala zinabeba mahali na kumbukumbu, na sisi tunazo: udi, kanuni, zeze, marimba, nai, akordioni ya taarab, kayamba. Mpigaji wa taarab anazijua maqam, yaani ngazi za sauti za muziki huu, kama rast, bayati, hijazi na nyinginezo, na anajua zinavyogeuka. Usimwambie "nipigie kitu cha huzuni". Mwonyeshe tukio bila sauti, umweleze ni nani anayejua nini, kisha umwache ajaribu. Zanzibar, Dhow Countries Music Academy inafundisha ala hizi, na miji mingi ya pwani ina wapigaji wanaosubiri harusi ijayo.

Haki ya wimbo usiipuuze. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi wenyewe, na ya ile rekodi. Unahitaji ruhusa ya pande zote. Tanzania Bara ofisi ya kuanzia ni COSOTA, Zanzibar COSOZA, Kenya KECOBO. YouTube nayo inatambua rekodi kwa mfumo wa kompyuta, na video yako inaweza kufungwa au mapato yake kwenda kwa mwenye rekodi. Njia nafuu kwa filamu fupi ni kuagiza kipande kipya cha sekunde 40 kwa mwimbaji mmoja na wapigaji watatu, udi, fidla na dumbak, mkaandikiana mkataba wa ukurasa mmoja. Unapata wimbo wa redio na udi wa mwisho kwa siku moja, na wasanii wa mtaani wanapata ujira.

Hatua ya 5: rekodi ukimya

Ukimya kwenye filamu hautengenezwi kwa kufuta sauti. Ukifuta sauti yote mtazamaji anadhani simu imeharibika. Ukimya ni zile sauti ndogo ambazo muziki ulikuwa umezifunika. Redio ikizimwa, ndipo tusikie mafuta yanavyochemka kwenye chuma. Kunguru. Mtoto wa jirani akiita kwa mbali. Bahari, kama uko karibu nayo.

Kwa hiyo kabla watu hawajatawanyika siku ya kupiga picha, waombe wote wanyamaze, rekodi dakika mbili za uani mtupu. Kisha sogeza kinasa sauti karibu na chuma, rekodi dakika moja ya vitumbua peke yake. Kisha kitufe cha redio: kigeuze mara kumi, kwa haraka, kwa polepole, kwa kusita. Sauti ya kitufe ndiyo sauti muhimu kuliko zote katika filamu hii.

Kama unadhani filamu haiwezi kutisha bila muziki, tazama The Birds ya Hitchcock, ya mwaka 1963. Haina muziki wa kawaida wa kusindikiza. Milio ya ndege, mingine ikitengenezwa na Oskar Sala kwa ala ya umeme, ndiyo inayokaba koo. Na huyo huyo Hitchcock, miaka mitatu kabla, alitaka lile tukio la bafuni la Psycho liende bila muziki. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaandika hata hivyo, kwa ala za nyuzi tupu. Hitchcock aliposikiliza, akakubali. Kwa hiyo ukimya hauchaguliwi kwa kanuni. Jaribu tukio kwa namna zote mbili, usikilize kwa haki.

Hatua ya 6: hariri bila muziki, ndipo uulete

Kata tukio zima ukiwa na mazungumzo na sauti za uani tu, hata wimbo wa redio usiuweke bado. Likichosha bila muziki, kosa liko kwenye picha au kwenye skripti. Muziki utalificha kwako wewe, kwa mtazamaji hautalificha.

Likisimama, weka redio. Isisikike kama imetoka studio. Njia ya haraka ni kukata sauti nzito chini ya hezi 300 na sauti nyembamba juu ya hezi 4000, kisha kuongeza mwangwi kidogo. Njia bora ni ile waliyoitumia Walter Murch na George Lucas kwa American Graffiti ya mwaka 1973: walizipiga nyimbo kwenye spika nje na kuzirekodi upya, ili zibebe hewa ya mahali. Nenda na wimbo wako uani pale pale, upige kupitia redio ile ile, weka kinasa pale alipokaa mama. Kazi ya nusu saa, na tofauti inasikika mara moja.

Sasa kuzimwa kwenyewe. Usikate wimbo mwishoni mwa mstari wala kwenye pigo la ngoma. Ukate katikati ya neno la mwimbaji. Sikio litabaki likingoja neno limalizike, na kungoja huko ndiko kunakoujaza ukimya unaofuata. Hamisha sehemu ya kukatia fremu moja moja hadi upate mahali panapouma.

Baada ya kitufe, hesabu. Shikamoo isije haraka. Ipe sekunde nne hadi sita za mafuta yanayochemka. Baada ya shikamoo, kaa kwenye uso wa mama muda mrefu kuliko unavyojisikia vizuri. Mhariri mchanga hukata kwa sababu yeye ameshaona. Mtazamaji ndiyo kwanza anaanza kuona.

Udi unaingia lini? Sehemu nyingi ungeingia pale pale kwenye uso. Mimi nausubirisha hadi Bi Mwanaidi anapogeuka na kuendelea kugeuza vitumbua ambavyo tayari vimeungua. Uso umeshamaliza kazi yake. Mikono inafanya kazi isiyo na maana tena, na hapo kamera inahitaji msaada. Noti ya kwanza iingie baada ya tendo kuanza, siyo kabla. Ikitangulia hata nusu sekunde, inakuwa muziki ndio uliomwamuru mama asogee.

Ukitaka picha na muziki viende pamoja, hesabu ni rahisi kwa fremu 25: gawanya 1500 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Mapigo 60 yanakupa fremu 25 kwa pigo, 75 yanakupa 20, na 100 yanakupa 15. Kwa msiba udi uende chini ya 60, usogee kwa uhuru. Na ukishajua pigo liko wapi, kata picha kando yake mara kwa mara. Kila mkato ukiangukia kwenye pigo, umetengeneza video ya muziki.

Hatua ya 7: waonyeshe watu, uwaulize vizuri

Usiulize kama wamependa. Ndugu na marafiki watasema ndiyo. Wape tukio, kisha waulize: ulijua saa ngapi kwamba Salum hayupo? Kama wengi wanasema "redio ilipozimwa", umefaulu. Wakisema "kijana alipoingia", basi uso wa Hamisi umesema mno, au kuna sauti ya huzuni iliyoingia mapema. Wakisema "mwishoni", mtazamaji hakuiona redio kwenye picha ya kwanza. Rudi uirefushe au usogeze redio mahali penye mwanga. Fanya jaribio na watu wasiotoka pwani pia. Desturi ya kunyamazisha muziki msibani wanaielewa wengi, lakini uzito wa marahaba isiyotoka huenda usimfikie kila mtu, na hapo uso wa mama lazima ubebe zaidi.

Hatua ya 8: changanya sauti kwa ajili ya simu

Sehemu kubwa ya watazamaji wako watatazama kwa simu, kwenye daladala au kitandani. Mazungumzo yagonge kati ya desibeli -12 na -6. Redio ikiwa chini ya mazungumzo, iwe pungufu kwa desibeli 15 hivi. Udi wa mwisho hauna mazungumzo ya kushindana nayo, lakini usiupandishe kufidia. Uanzie chini kiasi kwamba mtu ainamishe kichwa kuusikia.

Spika ya simu haitoi vizuri sauti nzito. Ule mngurumo wa chini ulioutegemea kutia hofu utapotea kabisa, na mtazamaji hatajua kulikuwa na kitu. Kila sauti nzito iongezee nakala iliyopandishwa oktava moja. Sikiliza tukio zima kwa spika ya simu ya bei nafuu, kisha kwa hedifoni, kisha kwa spika kubwa. Kitufe cha redio kisikike kwenye zote tatu. Kisiposikika kwenye simu, kiongezee ukali kati ya hezi 2000 na 4000, punguza wimbo desibeli mbili kabla yake tu, usafirishe upya, usikilize tena.